Tupeane uzoefu: umewahi kutia chumvi ushuhuda wako?

Mvuvi wa Zamani, Kibirizi
Bwana Yesu asifiwe, wakuu. Naanza mimi, maana aibu ni yangu.

Mwaka 2009 nilisimama kanisani hapa Kigoma. Nikasimulia mtumbwi ulivyozama katikati ya Ziwa Tanganyika, nikang'ang'ania dumu hadi alfajiri, mbalamwezi imetanda ziwa zima, nikamwahidi Mungu nitamtumikia. Watu walilia. Mama mmoja alinipa khanga nimpelekee mke wangu.

Ibada ilipoisha mzee mmoja mvuvi akanivuta pembeni, taratibu tu: "Mwanangu, mbalamwezi mliingia kuvua nini?"

Basi. Aliyevua dagaa anajua. Dagaa hufuata mwanga wa karabai. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, watu wanabaki nchi kavu wanashona nyavu. Ukweli ni kwamba lilikuwa giza, mtumbwi ulivuja, na tulikuwa karibu kiasi cha kusikia mbwa wakibweka ufukweni. Niliogelea. Kuomba niliomba, hilo kweli tupu. Ule mwezi niliuweka kwa sababu ulipendeza.

Nani mwingine?

Mama wa Mwandiga
Shikamooni wakubwa. Yangu ni wasifu wa marehemu. Kwenye maziko ya baba mdogo nilipewa karatasi nisome, eti nina sauti nzuri. Imeandikwa "ameacha mjane na watoto wanne". Nikainua macho, nikawaona wale wawili wa nje wamesimama nyuma ya turubai, mmoja paji la uso la baba mdogo mtupu. Nikasoma wanne. Sauti haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma.

Nilikwenda kuungama. Padri alinipa sala, akaniambia pia niende kwao. Wanakaa Kasulu, si mbali. Sijaenda.

Mtembeza Wageni, Ujiji
Mimi naonyesha wageni pale mwandishi wa habari Stanley alipomkuta mpelelezi Livingstone mwaka 1871. Wote wanataka ile salamu maarufu, "Dk. Livingstone, nadhani?" Nawaambia aliyeitangaza ni Stanley, karatasi za siku hiyo kwenye daftari lake zilichanwa, na Livingstone hakuigusia katika maandishi yake. Tena huyo Livingstone, mmisionari mzima! Mauaji ya sokoni Nyangwe, huko Kongo, aliyaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa kubahatisha. Mwaka 2011 wataalamu waliyasoma kwa mwanga maalumu, wakakuta alichoandika palepale na alichonakili baadaye kwenye daftari safi havifanani kila mahali.

Sasa yangu. Nilikuwa naongeza kwamba babu wa babu yangu alikuwepo, akaona kwa macho yake. Bibi alichowahi kuniambia ni kwamba ukoo wetu ni wa Ujiji, basi. Siku hizi nasema hivyo hivyo nanyamaza. Bakshishi imepungua, siwafichi.

Mwinjilisti
Fungueni 1 Wakorintho 1:14-16. Paulo anashukuru kwamba hakumbatiza mtu kwao ila Krispo na Gayo. Hajafika mbali anakumbuka: kumbe na nyumba ya Stefana. Halafu anakiri kwamba zaidi ya hao hajui. Na hiyo ni barua! Angeweza kurudi nyuma aisafishe. Kaiacha ilivyo.

Mvuvi wa Zamani, Kibirizi
Ubarikiwe, mtumishi. Mimi nilikaa miaka miwili ndipo nikamwomba mchungaji dakika chache. Nikasema, "Ule mwezi haukuwepo, na pwani ilikuwa karibu." Kanisa zima likacheka. Yule mama wa khanga hakucheka. Nilimpelekea nyingine mpya, akaipokea, akaiweka kitini bila kuikunjua, akaniuliza habari za mke wangu.

Mama wa Mwandiga
Pole kaka. Samahani, mtumbwi wenyewe ulikuwa wa nani?

Mvuvi wa Zamani, Kibirizi
Wa shemeji. Hakujua kama nimeuchukua.

Hiyo nayo sikuisema.