Ushauri: muhuri wangu wa udongo unanata kwenye vikombe, na nina oda ya hoteli

Gae Jekundu (mleta mada):
Habari za muda huu wakuu. Nipo Moshi, maeneo ya Rau, nafinyanga vikombe na bakuli. Nimepata oda ya hoteli moja ya Arusha, na mwenyewe anataka kila chombo kiwe na chapa kwenye kitako. Kuandika kwa msumari kimoja kimoja kunachosha na herufi hazifanani, kwa hiyo nimeamua kutengeneza muhuri wangu mwenyewe wa udongo.

Tatizo ni kwamba nikiugandamiza unanata, nikiuvuta unaondoka na udongo. Herufi zinatoka zimefumba, tena zinasomeka kinyume. Mzigo unatakiwa kabla msimu wa watalii haujachanganya mwezi wa sita. Usingizi sipati. Naombeni msaada.

Ngaramtoni Kwetu:
Ngoja waje wataalamu. Nimekaa siti ya mbele.

Mama Vyungu:
Pole mwanangu. Huo muhuri umeuchoma, au umeukausha tu?

Gae Jekundu:
Shikamoo mama. Niliuanika juani, halafu nikaupaka vanishi ya mbao ili udumu.

Mama Vyungu:
Marahaba. Basi vanishi ndiyo inayokuponza. Udongo uliochomwa bila kupakwa kitu una vitundu vidogo sana vinavyonyonya maji. Ukiugusisha kwenye chombo kibichi unavuta unyevu wa juu, halafu unaachia wenyewe. Wewe umeviziba.

Chukua udongo laini uliochekechwa, usiwe na mchanga. Finyanga kipande cha unene wa kidole gumba, na uso wake uubinue kidogo tu; ukiwa bapa kabisa, kingo zinazama na katikati hapashiki. Uache ukauke nusu, mpaka kidole kisinate lakini ukucha uache alama. Hapo ndipo unachonga. Mimi natumia spoku ya baiskeli niliyoinoa. Herufi zichonge kinyume, na kila baada ya mistari michache jaribu kwenye bonge la udongo uone kinachotoka. Mfereji uwe mpana juu na mwembamba chini, la sivyo udongo utanasa humo ndani. Kausha kivulini polepole, kisha uchome pamoja na vyombo vyako. Moto ukishapita nyuzi joto 600 hivi, udongo haurudi tena kuwa tope hata uuloweke mwaka mzima. Gilezi, ile rangi ya kioo inayong'arisha vyombo, usiipake kabisa.

Fundi Tanuru:
Mama kamaliza. Mimi naongeza hesabu ya kusinyaa. Ukiwa na udongo unaosinyaa asilimia 10, muhuri wa milimita 20 ukitoka motoni una 18. Ukiupiga kwenye kikombe kibichi, nacho kikichomwa, chapa inabaki kama milimita 16. Anza na mkubwa kuliko unavyotaka. Na ukiona bado unang'ang'ania, chovya kwenye kona flawa (wanga laini wa mahindi), pukuta, halafu piga. Weka kiganja upande wa ndani wa kitako, usije ukatoboa.

Wakili wa Mtaani:
Mnaongelea udongo wakati jambo kubwa ni sheria. Kugonga muhuri hakukupi haki ya hilo jina. Nenda BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, ukasajili alama yako chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Usajili wa kwanza unadumu miaka 7, ukihuisha unapata miaka 10. Hapo ni Tanzania Bara tu, Zanzibar wana usajili wao.

Kihamba cha Babu:
Hili la chapa limenikumbusha marehemu baba. Kule Kibosho alikuwa anaandika jina lake kwa mkaa kwenye magunia ya kahawa kabla ya kuyapeleka kwenye chama cha msingi. Kahawa yake ilikuwa safi, alikuwa anachambua punje mpaka usiku. Mwaka mmoja gunia likafutwa jina, likasomwa la mtu mwingine. Hakugombana na mtu. Ila tangu siku hiyo aliacha kuchambua. Mleta mada, jina kwenye kazi si mapambo.

Ngaramtoni Kwetu:
Wamasai wamemaliza zamani. Ng'ombe anakatwa sikio, hana haja ya BRELA.

Fundi Tanuru:
Turudi kwenye mada. Mkuu, oda ni vyombo vingapi? Nauliza kwa sababu kama ni vingi unahitaji mihuri zaidi ya mmoja, uwe unabadilisha wakati mwingine unakauka. Muhuri uliolowa unaanza kunata hata kama umechomwa.

Gae Jekundu:
Vikombe 200 na bakuli 60. Ndiyo, nahitaji mihuri minne.

Fundi Tanuru:
Mpaka mwezi wa sita, peke yako? Na mihuri minne kwa mikono miwili?

Gae Jekundu:
Mkuu, mimi nimeuliza kuhusu kunata.

Mama Vyungu:
Kunata tumeshakujibu. Mwenzio anakuuliza kwa wema.

Gae Jekundu:
Sawa. Vikombe nafinyanga mimi mwenyewe. Bakuli zinafinyangwa na akina mama watatu wa Usangi. Chapa inapigwa chombo kikiwa kibichi, kwa hiyo kila mmoja lazima awe na muhuri wake huko huko.

Kihamba cha Babu:
Na muhuri unasemaje?

Gae Jekundu:
Herufi za jina langu.

Kihamba cha Babu:
Hoteli wanajua?

Gae Jekundu:
Wameandaa kikaratasi cha kuweka mezani, kinasema vyombo vyote vimefinyangwa na mimi. Sikukiandika mimi. Na kabla hamjanihukumu: nawalipa akina mama taslimu siku hiyo hiyo. Kutoka Usangi kushuka Mwanga, chombo kikivunjika njiani hasara ni yangu. Oda nimeitafuta mimi, nimezungushwa na meneja miezi. Mchoro wa bakuli ni wangu. Ukinunua shati, fundi aliyelishona anaandikwa jina?

Dada wa Mbuyuni:
Hana kosa huyu. Sisi sokoni tunauza nyanya za Lawate na hakuna anayeandika jina la mkulima. Watu mnapenda kuwabana vijana wanaojituma.

Kihamba cha Babu:
Nyanya haina karatasi inayosema umeilima wewe.

Msomi wa Sakina:
Jambo hili lina umri mrefu. Wafinyanzi wa Arretium, mji unaoitwa Arezzo sasa hivi, Italia, walikuwa wanapiga mihuri kwenye vyombo vyao vyekundu miaka kama 2,000 iliyopita. Katika karakana ya Marcus Perennius zimepatikana chapa zenye majina mawili: la Perennius mwenye karakana, na la mfinyanzi aliyefanya kazi chini yake, mmoja akiitwa Cerdo. Cerdo alikuwa mtumwa, na bado jina lake lipo, tunalisoma leo. Nenda pia Uingereza, St Ives, kwenye karakana aliyoifungua Bernard Leach mwaka 1920. Vyombo vya kawaida vilipigwa muhuri wa karakana, SI. Herufi zake mwenyewe, BL, alizipiga kwenye kazi za mikono yake. Kwa hiyo tengeneza miwili: mmoja wa karakana kwa kila chombo, wa pili wa aliyefinyanga. Ni udongo tu, hauongezi gharama.

Gae Jekundu:
Asante mkuu, ila hoteli imeagiza chapa moja. Nikianza kuwaeleza majina manne wataona mimi ni dalali.

Binti wa Mwanga:
Samahani, nimesoma uzi wote na nasema hii ni chai. Mimi nimezaliwa Usangi. Kwetu kufinyanga ni kazi ya wanawake, mabinti wanafundishwa na mama zao, mwanaume hasogei. Wewe kijana wa kiume umefundishwa na nani? Pili, vyungu vyetu vinachomwa kwa moto wa wazi, kuni na majani. Vinatoka vyekundu vyenye madoa meusi, havina gilezi. Hoteli gani itampa mtalii supu humo? Mtu kakaa na simu yake anatunga.

Ngaramtoni Kwetu:
Na mimi nilishangaa. Chai ya maziwa kabisa. Wekeni vitafunwa.

Dada wa Mbuyuni:
Kumbe nimemtetea mtu hewa!

Fundi Tanuru:
Mimi siamini kama ni chai. Mtu anayetunga hafikirii kupaka vanishi. Lakini aweke picha.

Gae Jekundu:
Picha nimeweka hapo juu, muhuri wa vanishi na bakuli mbili. Dada wa Mwanga, ufinyanzi nimejifunza Arusha kwenye karakana, kwa gurudumu. Usangi sifinyangi, na mahali wanapochimba udongo sijawahi kukanyaga, naheshimu. Bakuli si za supu, ni za kuweka mishumaa na matunda mapokezi. Na siendi kwa watu nisiowajua. Mmoja wa hao akina mama ni mama yangu mkubwa.

Binti wa Mwanga:
Hiyo bakuli ya kushoto, mikwaruzo mitatu chini ya mdomo. Ni ya nani?

Gae Jekundu:
Ni ya mama mkubwa. Anaiweka kwenye kila anachofinyanga, tangu nikiwa mtoto.

Binti wa Mwanga:
Basi nafuta neno chai. Lakini mama yako mkubwa tayari ana alama yake, na sokoni kwetu watu wanamjua kwa hiyo. Umemwambia kwamba unamletea herufi zako azipige chini?

Gae Jekundu:
Nilipanga kumwambia nikipeleka mihuri. Minne yote nimechonga wiki hii, imeshakauka, na Jumamosi nawasha tanuru. Siwezi kurudi nyuma sasa.

Mama Vyungu:
Unaweza. Panda Usangi kabla ya Jumamosi, ukae naye, umuulize. Wale wengine wawili nao uwaulize wanataka alama gani. Hoteli wape muhuri wa karakana, mmoja kwa vyombo vyote kama walivyoagiza, na alama ya mkono ikae pembeni yake, ndogo. Kikaratasi chao ukakirekebishe wewe, kwa sababu wamekuandika wewe. Na hiyo mihuri haijaingia motoni, mwanangu. Bado ni udongo.

Gae Jekundu:
Mama, nikiitia ndooni usiku mmoja inatosha?

Mama Vyungu:
Inatosha sana, mradi imekauka mpaka ndani. Yenye unyevu ndiyo inayochelewa kulowana, iliyokauka kabisa inapukutika yenyewe ndani ya maji. Asubuhi mwaga maji ya juu, tandaza tope kwenye kitambaa mpaka lishikike. Ule wa vanishi usiuchanganye humo, utupe.