Mtafiti wa sera za sayansi apate wapi kazi Afrika Mashariki?

Mwanaudongo wa Morogoro:
Ndugu zangu, nina shahada ya uzamili ya sayansi ya udongo na nimekuwa msaidizi wa utafiti kwa miaka minne. Kinachonivuta sasa si maabara, bali lile swali la kwa nini matokeo yetu hayawafikii wanaopanga bajeti na kanuni za mbolea. Ningependa kuhamia kwenye utafiti wa sera za sayansi, na baadaye niwe mshauri elekezi. Je, kazi hizo zipo kweli katika ukanda wetu, na nitafute Dar es Salaam, Nairobi au Kigali? Nauliza pia kama uzamivu ni lazima, kwa kuwa nina mtoto mdogo na sina miaka mingine minne ya kuishi kwa posho.

Mkazi wa Kijitonyama:
Zipo, ila ukizitafuta kwa jina hilo utachoka kabla hujaziona. Katika taasisi za umma kama COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya Tanzania iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, nafasi hupitia Sekretarieti ya Ajira, tena kwa vyeo vya jumla, hivyo usome majukumu yaliyoorodheshwa badala ya jina la cheo. Nje ya serikali kuna STIPRO, taasisi ya utafiti ambayo sera za sayansi na teknolojia ndiyo shughuli yake hasa, pamoja na REPOA na ESRF zenye mawanda mapana zaidi ya uchumi na maendeleo.

Kuhusu uzamivu, ukitaka kuongoza utafiti utadaiwa tu, mapema au baadaye. Mshauri elekezi huulizwa zaidi kazi alizokwisha kuzikabidhi. Ujue tu kwamba zabuni za ushauri za serikali siku hizi hupitia NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni, na asiyejisajili humo huzisikia zikiwa zimekwisha kufungwa.

Mpangaji wa Ngara:
Nairobi ina taasisi nyingi zaidi: ACTS, ambayo marehemu Profesa Calestous Juma aliianzisha mwaka 1988, kisha ATPS na AFIDEP, zote za utafiti wa sera. Lakini hata washindani ni wengi, na fedha kwa sehemu kubwa hutoka nje. Sheria yetu ya Kenya ya mwaka 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye Hazina ya Taifa ya Utafiti, ilhali bajeti haijawahi kukaribia kiwango hicho. Ndiyo maana USAID, shirika la misaada la Marekani, ilipofungwa mwaka 2025, hata watu ambao hawakuwahi kuwa waajiriwa wake walijikuta hawana kazi.

Usiache mshahara kwa sababu ya mkataba mmoja. Mimi niliwahi kusubiri miezi mitano kulipwa awamu ya mwisho ya kazi niliyokwisha kuikabidhi, na kodi ya nyumba haikunisubiri. Halafu, ingawa Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika mwaka 2010, kibali cha kazi bado utalazimika kukiomba.

Bibi Takwimu:
Naongeza kuhusu Kigali. EASTECO, tume ya sayansi na teknolojia ya Jumuiya, iko huko, kama ambavyo tume ya utafiti wa afya ya Jumuiya iko Bujumbura, lakini nafasi zake ni chache na nchi wanachama zote zinazitolea macho.

Ambalo sikubaliani nalo, ndugu mwuliza, ni hilo neno lako la kuhama. Wanaojiita watafiti wa sera kwa jumla ni wengi. Wanaoweza kumweleza katibu mkuu kwa nini mbolea ileile inafaa shamba hili na kuharibu lile ni wachache mno. Mkutano wa Afrika wa mbolea na afya ya udongo, uliofanyika Nairobi Mei 2024, uliziachia serikali ahadi za miaka kumi ambazo kila nchi inapaswa kuzigeuza kuwa mipango yake, na hapo anahitajika mtu kama wewe. Tena andika kwa Kiswahili. Ripoti zetu nyingi ni za Kiingereza, ilhali Bunge la Tanzania na mabaraza ya madiwani hujadili kwa Kiswahili. Je, una matokeo yoyote unayoruhusiwa kuyatoa?

Mwanaudongo wa Morogoro:
Ninayo, ya uchachu wa udongo katika kata tatu. Nitamwomba msimamizi wangu ruhusa, kisha niandae muhtasari wa kurasa mbili kwa ajili ya ofisi ya kilimo ya wilaya.