Tupeane uzoefu: jalada la mauaji ya ndugu yako limeishia wapi? (Tabora na Kigoma)

Wakuu, shangazi yangu aliuawa kwa mapanga usiku, kwake huko Uyui. Kisa macho mekundu, wakamwita mchawi, kumbe ni macho ya mama aliyepikia kuni maisha yake yote. Panga lilikutwa nyuma ya choo, likapita mikono ya nusu kijiji kabla ya kufika kituoni. Mpelelezi wa kwanza alijituma kweli. Alipohamishwa, aliyempokea akaanza kutuuliza jina la marehemu.

Marekani mwaka 2018 walimkamata Joseph DeAngelo, polisi wa zamani, kwa mauaji ya California ya miaka ya 70 na 80. Vinasaba vilikuwa vimetunzwa, wakavilinganisha na vya ndugu zake wa mbali. Mwaka 2020 akakiri mauaji 13. Wenzetu wana timu ambazo kazi yao ni hiyo tu, kufukua majalada yaliyolala. Sisi Mkemia Mkuu anapima vinasaba, sheria ya vinasaba ipo tangu 2009. Nani amepewa majalada ya zamani? Lete chako.

Mdau wa Kasulu:
Pole sana mkuu. Kaka yangu alikuwa bodaboda, tulimkuta kwenye michikichi, pikipiki haipo. Mama alitunza kopi ya kadi. Baadaye sana pikipiki ikakamatwa wilaya nyingine, namba ya chesisi ikasomana. Mpelelezi aliyeshikilia ni yule yule wa mwanzo, hakuhamishwa. Naamini ndiyo maana kesi ilifika Mahakama Kuu.

Askari mstaafu, Urambo:
Wanangu, nguo yenye damu ikaushwe kivulini, iwekwe kwenye bahasha ya karatasi. Ukiifunga mbichi kwenye nailoni inaoza, vinasaba vinaharibika. Nimeona vielelezo vingi vikifa hivyo na iliniuma. Halafu shahidi aliyenyamaza kwa kumwogopa mume, wakiachana anaongea. Ndugu wakigombania shamba, wanaongea. Ila awepo mtu wa kurudi kuwauliza, na askari wa zamu ana kesi mpya kila asubuhi.

Mleta mada:
Shikamoo mzee. Tukitaka jalada lifufuliwe tunaanzia wapi?

Askari mstaafu, Urambo:
Marahaba. Andikeni barua kwa RCO, mkuu wa upelelezi wa mkoa, nakala kwa ofisi ya mashtaka ya mkoa. Mtaje namba ya IR (namba ya jalada la polisi), mashahidi walio hai na wanakoishi sasa. Mauaji hayana ukomo wa muda. Na muulizeni lile panga liko wapi.