Tupeane uzoefu: kurudi kwenye kikapu cha ushindani ukiwa umevuka 30, na siku ya majaribio

#1
Wakuu, salaam. Msimu wa BDL (ligi ya kikapu ya Dar es Salaam) ukikaribia, waliotamba UMISSETA (michezo ya shule za sekondari) miaka hiyo huanza kuonekana tena Don Bosco Upanga na JMK Park, wakitafuta timu ya kuwafanyia majaribio. Wengi hawafiki siku yenyewe, kisigino kinakuwa kimeshagoma. Kwa hiyo tuandike vitu vinavyopimika: wiki ngapi, mara ngapi, na kwa nini.

Naanza na miguu. Pumzi inarudi upesi, wiki 6 hivi ukikimbia mara tatu kwa wiki. Kano hazina haraka hiyo, zihesabie miezi 3. Hatari ipo hapo katikati: wiki ya 4 mtu anajisikia mwepesi, anaongeza kuruka, na kano ya kisigino bado ni ya mtu aliyekaa ofisini miaka 10.

Dawa ni ngazi ya nyumbani. Simama ukingoni kwa nusu ya mbele ya wayo, panda kwa miguu yote miwili, kisha shuka kwa mguu mmoja ukihesabu moja, mbili, tatu, mpaka kisigino kipite chini ya ukingo. Mara 15, seti 3, kila mguu, siku moja fanya, siku moja pumzika. Kipimo ni hatua kumi za kwanza ukitoka kitandani. Kano ikikaza kidogo halafu ikaachia, endelea. Ikiuma kuliko jana, punguza kuruka, ila ngazi usiiache. Maumivu ya ghafla kama umepigwa teke kwa nyuma, hapo ni hospitali siku hiyo hiyo.

#2
Umenena vyema mkuu. Niongeze sheria, maana walioacha kabla ya 2010 wanashikwa hapa.

Mstari wa pointi tatu ulitoka mita 6.25 ukaenda 6.75. Mtupo wako wa zamani utagonga mbele ya ringi, na ukijaribu kuusukuma kwa bega unaharibu mkono mzima. Nguvu itoke magotini: kunja zaidi, mpira uachie ukiwa bado unapanda. Viwanja vingi vya mtaani vina mistari iliyochorwa kwa kukisia, kwa hiyo nendeni na futi kamba, mpime kuanzia sakafuni chini ya katikati ya ringi.

Ribaundi ya ushambuliaji (timu iliyorusha kuudaka tena mpira uliogonga ringi) sasa inarudisha saa ya kurusha kwenye sekunde 14, si 24. Aliyezoea kutoa mpira nje na kupanga upya kwa utulivu atakuta muda umemwishia mkononi.

Hatua nazo zilibadilika 2017. Ukiushika mpira ukiwa kwenye mwendo, mguu uliopo chini wakati huo hauhesabiwi, unabaki na hatua mbili. Asiyejua hili anarusha mapema na kuzuiwa. Ila ukianzia umesimama, lazima mpira utoke mkononi kabla hujainua mguu wa mhimili, yaani ule unaobaki chini ukigeuka. Hapo hakuna msamaha.

#3
Siku ya majaribio yenyewe. Karatasi ya mechi inabeba wachezaji 12, na timu iliyokaa pamoja huwa na nafasi mbili tatu tu. Muulize kocha mapema anakosa mtu wa namba gani. Fika dakika 45 kabla, beba fulana mbili, nyeupe na nyeusi, na maji yako lita 1.5.

Kocha anayejua kazi hamtazami sana mwenye mpira. Anatazama nani anarudi kukaba baada ya kupoteza, na nani anaita "skrini kulia!" (mpinzani amesimama kumzibia njia mkabaji) kabla mwenzake hajagongwa. Halafu kuna ribaundi. Mpira ukirushwa, usiutazame kwanza. Mtafute mtu wako kwa mkono wa mbele kifuani pake, geuka, kaa chini kama unatafuta kiti, umhisi mgongoni, ndipo uinue macho. Wanaoruka tu wanazidiwa na mfupi aliyejipanga. Kwangu hii ndiyo inayompa mtu mzima nafasi mbele ya vijana wenye kasi.

#4
Dada zangu, mpira wetu ni namba 6, mzingo wa sentimita 72 hivi, wakati mtaani tunachangamana na kaka zetu kwa namba 7 wenye 76. Ukihamia namba 6 siku ya majaribio, kila mtupo unapita juu ya ringi. Tafuteni namba 6 wiki mbili kabla, mtupe mitupo ya adhabu 50 kila siku mkiwa mmeshachoka, mara tu baada ya mbio za mistari (kukimbia mstari hadi mstari wa uwanja na kurudi).

Na kwa wote wenye kazi na watoto: mazoezi ya timu huwa jioni. Mtajie kocha siku unazoweza kabla ya kuanza kupasha, atapanga akijua.