Tupeane uzoefu: nywele zetu na kazi hapa Marekani

Habari zenu ndugu zangu. Niko Houston, Texas, mwaka wa saba sasa. Kila mara naulizwa na dada aliyefika juzi: niende kwenye usaili na twende kilioni, au nitie dawa kwanza? Leteni visa vyenu hapa tusaidiane. Naanza mimi.

2021 nilikuwa mapokezi kwenye kliniki moja. Nimesuka vizuri, mistari imenyooka, ncha nimezibana nyuma. Msimamizi akaniita pembeni, akasema wagonjwa hawajazoea. Nikanunua wigi, nikalivaa miezi minne. Jasho likawa linatuama chini yake, vipele vikanitoka kuzunguka paji lote, usiku najipaka mafuta ya nazi huku nalia. Texas haikuwa na sheria wakati ule. Sheria ya CROWN imeanza hapa tarehe 1 Septemba 2023: mwajiri mwenye wafanyakazi 15 na kuendelea haruhusiwi kukunyima kazi wala kukufukuza kwa sababu ya nywele za kipilipili, misuko au dredi.

*Los Angeles:* Pole sana dada. California walitutangulia, yao inatumika tangu Januari 2020. Mimi nina dredi. Meneja wa ghala aliniambia nikikata naanza Jumatatu. Nikamwomba kwa heshima aniandikie hilo kwenye barua pepe. Akanyamaza, akasema atanipigia. Kesho yake akaniambia njoo hivyohivyo. Ombeni maandishi jamani!

*Atlanta:* Msisahau yule dada wa Mobile, Alabama, Chastity Jones. 2010 alishapewa kazi, akaambiwa akate dredi, akakataa, kazi ikafutwa. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ikasema mtindo wa nywele mtu anaweza kuubadilisha, kwa hiyo huo si ubaguzi wa rangi. Iliniuma mno, maana ndiyo hoja wanayotupiga nayo mpaka leo. Ndiyo maana majimbo yakaanza kutunga sheria zao. Ya nchi nzima ilipita Bunge la Wawakilishi Machi 2022, ikakwama Seneti.

*Dallas:* Na hiyo ya Texas ina tundu. Februari 2024 jaji aliamua kesi ya mwanafunzi wa kiume aliyeadhibiwa na shule kwa urefu wa dredi zake: akasema sheria haisemi lolote kuhusu urefu, shule ikashinda. Wanaume wenye dredi ndefu muwe macho na hilo.

*Houston, mwenye mada:* Asante kwa hilo. Jingine, ukibaguliwa Texas una siku 180 tu za kupeleka malalamiko Texas Workforce Commission, ile ofisi ya jimbo ya mambo ya kazi. Mimi ningekuwa na sheria 2021 bado ningechelewa, nilikaa kimya karibu mwaka. Andika tarehe, maneno yaliyosemwa na nani alikuwepo, siku hiyohiyo.

*Fort Worth:* Mimi usaili wangu ni Alhamisi, nimesuka yeboyebo jana. Nilikuwa nimeshaanza kufumua, mistari miwili ya mbele. Narudi kwa msusi kesho asubuhi.

*Houston, mwenye mada:* Nenda mdogo wangu, utupe majibu hapa. Wa Ohio na Minnesota, tunawasubiri.