Milioni 12 za kikoba: nipaue boma la Rombo au ninunue kiwanja Chanika?

Mpangaji Sugu: Wakuu, habari za jioni. Nipo Tabata, chumba na sebule, laki mbili kwa mwezi, na mama mwenye nyumba hapokei chini ya miezi sita. Kikoba tumevunja, nikijumlisha na kibubu napata kama milioni 12. Rombo nina boma limekomea kwenye lenta, mgomba umeshaota sebuleni. Mzee anataka lipauliwe kabla ya Desemba. Mama watoto anataka kiwanja Chanika. Nishaurini, matusi sitaki.

Fundi Lenta: Kama ni vyumba vitatu, mbao za dawa na bati geji 28, paa peke yake litakutoa jasho. Bado plasta, milango, madirisha. Halafu jiulize itakaliwa siku ngapi. Nyie Wachaga mnajengea Krismasi. Siku kumi za mbuzi na mbege, miezi kumi na moja ya popo.

Mangi Mdogo: Tumeanza ukabila. Hiyo nyumba ya popo ndiyo siku nikifa jeneza langu litaingia kwa mlango wa mbele. Wewe utaagiwa wapi, kwenye korido ya mama mwenye nyumba?

Fundi Lenta: Maiti hailipi kodi, mangi. Anayelipa ni mzima.

Vipande: Muacheni popo wa watu. Kaka, weka UTT, wale wa mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kwenye Mfuko wa Ukwasi, ukikwama unauza vipande vyako vya mfuko na pesa unaipata ndani ya siku chache. Boma huwezi kuuza nusu ukalipie ada. Endelea kupanga. Mpangaji hana presha ya kodi ya jengo wala bomba kupasuka.

Mita Moja: "Mpangaji hana presha ya kodi ya jengo." Unaishi nchi gani ndugu? Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, ukinunua umeme. Ilianza 1,000 kwa mwezi, 2023 ikawa 1,500. Nyumba ni yake, anayenunua umeme ni mimi.

Vipande: Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Kata kwenye pango.

Mita Moja: Njoo umkate wewe. Mimi nilimwambia, tena kwa adabu, shikamoo mbele. Akanijibu, "Mwanangu, kama 1,500 inakuuma, hama." Jumapili pampu ya maji ikawa "mbovu". Na mita ni moja, milango sita. Siku ya kuchanga umeme kila mtu amesafiri, lakini ukipita usiku unasikia redio. Yule wa mlango wa nne ana friji la kuuza juisi na anachanga sawa na mimi mwenye taa moja!

Baba Mwenye Nyumba: Mmenichokoza. Nyumba yangu nimeijenga miaka tisa, tofali mia leo, mia mwakani, watoto wanakula dagaa. Mpangaji wangu anachemsha maharage kwa jiko la koili, halafu anakuja na hesabu ya 1,500. Kajengeni na nyie.

Mita Moja: Kwa milango sita mzee wangu hiyo nyumba imesharudi. Usitulilie.

Baba Mwenye Nyumba: Nani kakwambia nina milango sita? Wewe ni nani? Ni wewe wa chumba cha uani?

Mangi Mdogo: 😂😂 Kazi ipo.

Vipande: Kujenga fasta ni kwa wenye pesa za Uarabuni, hao hawana hesabu. Sisi tuwe na akili.

Bi Kazi Muscat: Nani hana hesabu? Nimepiga deki nyumba za watu miaka minne, nikituma kila mwezi. Kaka yangu wa tumbo moja alikuwa ananirushia picha: msingi, lenta, bati la bluu. Niliporudi likizo nikaenda Chamazi moja kwa moja na begi langu. Bati la bluu lipo, la jirani. Kwangu kulikuwa na lundo la mchanga limeota majani, na mihogo. Mama anasema yaishe, ni kaka yako. Hesabu ninayo hadi shilingi ya mwisho. Sina pa kuipeleka.

Fundi Lenta: Pole sana dada. Ndiyo maana mimi mteja wa nje namtumia video, napitisha simu hadi kwenye geti la jirani. Ukiwa tayari karibu inbox.

Bi Kazi Muscat: Usinipe pole halafu ukanitangazia kazi.

Mpangaji Sugu: Jamani, swali langu limeishia wapi? Au basi. Mzee kapiga simu sasa hivi. Mbao ameshachukua dukani kwa mkopo, kwa jina langu.

Mangi Mdogo: Tukutane Desemba, meku!

Mita Moja: Hongera. Na LUKU ya huko atanunua nani?