Naomba ushauri: katuni ya Buku, yule aliyeachwa mbuyuni

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Wete, nachora katuni fupi ya dakika 3 kuhusu Buku, yule panya mkubwa wa hadithi ya Sungura na Simba. Sungura anamwalika kula asali mbuyuni, Simba akija Sungura anaponyoka kwa hila, na Buku ndiye anayeuawa. Hadithi inaendelea kana kwamba hakuwepo! Tangu utotoni inaniuma.

Nachora picha 12 kwa sekunde, yaani 2,160 zote, kwa hiyo naogopa kukosea mwanzo. Wapwa wangu wasioijua hadithi hawakumwelewa Buku ni nani. Nilipoongeza utangulizi, Sungura akaiteka filamu yote.

Je, nianzie mbuyuni moja kwa moja? Na kifo chake, watoto niwaonyeshe au niishie Simba anapomkamata?